Inshallah ya Baba na Mwezi wa Idi

Limo katika nyumba zetu neno moja tukufu ambalo watoto wamelipa maana yao wenyewe. Neno hilo ni inshallah. Mtu mzima alitamkapo hukusudia kwamba jambo alilolinuia liko katika mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Mtoto alisikiapo kutoka kwa babake huelewa kwamba jambo halipo. Ukidhani natia chumvi, msomaji, wajaribu wanao usiku wa leo baada ya chakula. Waambie, "Likizo hii tutakwenda kutembea, inshallah," kisha uzitazame nyuso zao. Watakuangalia kama mtu amwangaliavyo mwenye duka aliyekwisha kumwambia mara tatu kwamba sukari itakuja kesho.

Maana hiyo mpya niliipata huku Nyamasaria, nilikokuja kukaa kwa dadangu aliyeolewa Kisumu. Nyamasaria ni mlango wa mji ukitokea upande wa Nairobi. Mto wenye jina hilo hukatiza hapo ukielekea ziwani, barabara kuu ikaupita kwa juu, na mabasi ya masafa hayakomi mchana wala usiku. Sisi tuliokulia Mji wa Kale tuliyajua majahazi kwa tanga na kwa shetri. Watoto wa hapa wanayajua mabasi kwa rangi na kwa mlio. Alasiri ikiisha, wakitoka chuoni na juzuu zao kifuani, wapwa zangu huchelewa makusudi kando ya barabara wakiyahesabu mabasi ya jioni yatokayo mjini. Si mchezo wa kuhesabu ule. Wanayasindikiza Mombasa.

Mombasa wenyewe wamekwenda mara moja tu, Desemba ya miaka minne iliyopita, siku saba kwa nyanya yao Majengo. Katika siku hizo walipelekwa Wild Waters kule Nyali, ambako maji huteremshwa ndani ya mabomba makubwa yaliyopindapinda kama nyoka, na mtu akateremka nayo mpaka kidimbwini akipiga mayowe. Wakawaona mamba wa Mamba Village wakirushiwa nyama. Wakawalisha twiga katika bustani ya Haller kule Bamburi, mahali palipokuwa mashimo matupu yaliyochimbwa mawe ya kutengeneza saruji, hadi Rene Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Jioni ya mwisho wakala muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu Mama Ngina, meli zikipita karibu hata mtu akadhani ataweza kuzigusa. Basi. Siku saba hizo zimeliwa miaka minne na hazijaisha.

Binti wa kati ameihifadhi tikiti ya basi katika daftari lake la hesabu, na kila daftari likijaa huihamishia jipya. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa uwanda wa Kano huwa utelezi mtupu. Hapo watoto huchimba mfereji katika mwinamo wa nyuma ya nyumba, wakamimina maji ya dumu, wakatandika gunia la nailoni, na Nyali ikawa imehamia Nyamasaria. Mama yao hupiga kelele kwa ajili ya nguo. Mimi hujifanya nasoma gazeti.

Siku moja kabla ya likizo nilimwuliza mdogo wao, mwenye miaka tisa, kama mwaka huu wanakwenda. Akanijibu bila ya huzuni wala hasira, kama mtu anayekusomea saa iliyoko ukutani: "Mjomba, baba kasema inshallah. Basi hatuendi."

Sasa wako watakaosema kwamba kosa ni kuwaonjesha watoto starehe, kwamba asiyeonja hatamani. Mimi sikubali. Kungoja jambo la furaha si ugonjwa wa kumkinga nao mtoto. Sisi washairi tumekula sana kwa neno kungoja, na lau kama kila apendaye angempata ampendaye siku hiyo hiyo, kurasa za mashairi zingekuwa tupu na mimi ningekuwa nauza makaa. Lakini kuna kungoja kwa namna mbili, na tofauti yake niliijua nikiwa mtoto, kabla ya kuhitimu hata juzuu ya amma.

Wakati wetu mahali petu pa mabembea palikuwa Makadara, palepale Mombasa, katika siku za Idi. Kwa wasiopajua, ni uwanja katikati ya mji uliogeuka bahari ya kanzu mpya, mabaibui, njuga, baluni na moshi wa mishikaki. Palikuwa na viazi vya karai, achari ya maembe, mabuyu yaliyotutia midomo rangi nyekundu, na kachiri zilizofungwa katika karatasi za magazeti. Katikati ya yote lilisimama pembea: gurudumu la mbao lenye masanduku manne, likizungushwa na wanaume wawili waliovua mashati, mmoja akivuta chini na mwenzake akisukuma juu. Hapakuwa na mtambo wala umeme. Ulitoa sumni yako katika pesa za Idi ulizopewa na ami na wajomba, ukaketi na wenzako watatu, na ulipofika juu uliona bati za Majengo upande huu na minara ya misikiti upande ule, roho ikakutoka ikarudi. Mzunguko wenyewe ulikwisha kabla hujamaliza kupiga ukelele.

Kilichonikaa mimi zaidi ni miezi ya kabla yake. Tulianza kuhesabu Rajabu. Shaabani ilipokwisha tulijua kwamba baina yetu na pembea umebaki mwezi mmoja tu, na mwezi huo tuliufunga nusu nusu kwa kadiri ya umri, tukijisifu na kudanganyana. Ukifika usiku wa kuamkia mwezi thelathini, watoto wote wa mtaa walikuwa juu ya dari wamekaza macho magharibi. Pengine mawingu yalitunyima. Tulishuka tukilia, lakini kilikuwa kilio chenye mpaka, kwa sababu hata mdogo kabisa kati yetu alijua kwamba mwezi wa Kiislamu huwa na siku ishirini na tisa au thelathini, na siku ya thelathini na moja haijapata kuwako tangu dunia iumbwe. Kesho yake usiku ni Idi, mwezi uonekane usionekane. Tulingoja kwa hamu iliyotuumiza matumbo, na hatukungoja kwa shaka.

Hapa nataka nitie jambo ambalo vijana wetu hawalijui. Wao hudhani mahali pa mabembea ni uvumbuzi wa Wazungu tuliouiga. Lile gurudumu kubwa la chuma linaloitwa kwa jina la George Ferris lilisimamishwa Chicago mwaka 1893, kimo chake kama mita 80, na dunia ikastaajabu. Lakini mwaka 1615, msafiri mmoja wa Roma, Pietro Della Valle, alikuwa Istanbul wakati wa sherehe za Ramadhani, akaandika katika barua zake habari za fataki, na za mabembea makubwa, na za gurudumu la kupandisha na kuteremsha watu ambalo yeye mwenyewe alilipanda. Miaka mitano baadaye, 1620, Mwingereza Peter Mundy akaona mfano wake katika gulio la Waturuki huko Plovdiv, mji ulioko Bulgaria leo. Yaani karne mbili na nusu na zaidi kabla ya Chicago, Waislamu walikuwa wakipanda pembea katika siku zao tukufu wakipiga mayowe kama tulivyopiga sisi Makadara. Unguja nao wana Mnazi Mmoja yao, Pemba wana Tibirinzi, na Lamu wakati wa Maulidi wana mashindano ya punda ambayo sijaona pembea la kuyashinda. Kucheza katika sikukuu ni mila yetu ya kale, wala haihitaji kibali cha mtu.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani waliifanya mila hiyo biashara yenye ua na mlango. Copenhagen walifungua bustani ya Tivoli mwaka 1843, nayo ipo hata leo. Walt Disney akafungua Disneyland huko California mwaka 1955. Jirani zetu wa Ghuba hawakubaki nyuma, na mwaka 2010 Abu Dhabi wakafungua Ferrari World chini ya paa moja jekundu. Siwalaumu, na nikipata nauli nitakwenda nikaone. Lakini likishawekwa lango na bei, sikukuu haiji tena kwa wote usiku mmoja. Humjia kila mtoto siku babake atakapopata pesa, na siku hiyo hakuna mwezi wa kuitangaza.

Kisha ikaja simu. Binamu walioko Dubai na Maskati huwapelekea watoto wa Nyamasaria picha zinazokwenda, za mabomba ya maji marefu kuliko ya Nyali mara tatu. Mtoto huona kila kitu kabla ya kuondoka mlangoni kwao. Nimewatazama wapwa zangu wakiziangalia picha hizo. Wanapolizungumza bomba la Nyali walilopanda kwa miili yao, hucheka na kusukumana; wanapolitazama la Dubai hunyamaza. Kule kuna hamu, huku kuna wivu, na wivu haujengi mfereji nyuma ya nyumba.

Turudi kwa baba. Sitaki niwe miongoni mwa wale wanaowasema wazazi kana kwamba mazao ya mshahara huota mtini. Kutoka Kisumu mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na nyumba ya dadangu ina watu saba. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, viingilio, chakula cha njiani, zawadi ya nyanya, na nyanya naye hataki zawadi ndogo. Shemeji yangu ni fundi wa magari. Mvua za masika ya 2024, zilizofurisha nchi nzima, ziliingia hata kwenye karakana yake, na alizokuwa amezitia katika kibubu kwa ajili ya safari zikaenda katika vyuma vilivyoharibika. Mtu huyo hakukosa kwenda kwa ubahili.

Nilimkabili jioni moja, kwa adabu, kwani shemeji si mtu wa kukaripiwa. Nikamwambia neno la mwanawe. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Bwana shemeji, nikisema hapana watalia. Nikitaja siku, na pesa zisipatikane, nitakuwa mwongo. Inshallah inanisitiri."

Nakiri jibu hilo lina nguvu kuliko nilivyotazamia, na nadhani akina baba wengi watajiona ndani yake. Lakini tuitazame hiyo sitara. Waliosoma wanajua mafunzo ya Suratul Kahf juu ya neno hili. Wapokezi wa sira husimulia kwamba Makureshi walimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, habari za vijana wa pangoni, naye akawaahidi jibu kesho yake bila ya kusema inshallah. Wahyi ukachelewa siku kumi na tano, ndipo ikashuka aya ya kutuadilisha sote. Msikilize vizuri anayeadilishwa katika aya hiyo: ni mtu ambaye tayari amelitaja jambo atakalolifanya na siku atakayolifanya. Huyo ndiye anayeambiwa aseme inshallah. Kwanza iwepo nia yenye tarehe, kisha mapenzi ya Mungu yawe juu yake. Sisi tumeondoa nia, tumeondoa tarehe, tukaliacha neno tukufu peke yake lisimame kama pazia mbele ya chumba kitupu. Halafu tunashangaa mtoto akichungulia nyuma yake.

Na iko hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya sahaba aliyekumbuka utoto wake. Mamake alimwita aje apate kitu, Mtume yupo nyumbani mwao. Mtume akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini, akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, ingeandikwa juu yake kuwa ni uwongo. Tende moja! Na sisi tunawaita watoto kwa Mombasa nzima.

Kuna wazee wangu, najua, ambao wameshakunja uso tangu waliposoma neno kucheza, wakisema dini haina mabembea. Kwao nina Suratu Yusuf. Ndugu zake Yusuf walipomwomba baba yao amruhusu, walisema wanataka kumpeleka akastarehe na kucheza. Nabii Yakub hakuwajibu kwamba mchezo ni upuuzi. Aliogopa mbwamwitu, basi, kisha akampa ruhusa. Kwamba safari ile iliishia kisimani ni kosa la ndugu, si la mchezo. Na siku ya Idi Wahabeshi walipocheza kwa mikuki na ngao msikitini Madina, Bibi Aisha aliachwa atazame begani pa Mtume mpaka alipochoka yeye mwenyewe.

Nikamwambia shemeji mambo mawili. La kwanza, hapana iliyo wazi ina kilio cha siku moja, lakini inshallah isiyo na nia imewafundisha wanawe kutolisadiki jina la Mungu kinywani mwa baba yao, na hilo halifutiki kwa basi la Mombasa. La pili, kama Mombasa haiwezekani mwaka huu, ataje lililo ndani ya mkono wake, alitajie siku, kisha ndipo aseme inshallah kwa moyo wake wote. Kisumu si jangwa. Ipo hifadhi ya swala pale ukingoni mwa ziwa, Impala Sanctuary, iliyotengwa mwaka 1992, yenye simba na chui vizimbani na swala wanaokata majani mbele ya macho yako. Iko Dunga, ambako mtu hupanda mashua akawatafuta viboko, akala samaki aliyevuliwa asubuhi hiyo. Wajukuu zangu wa Kibokoni, walio umbali wa kutembea kwa miguu na bahari, huniuliza kwa simu kama ni kweli viboko hutoka majini usiku wakala majani ya watu, nao huota Kisumu kama hawa waotavyo Nyali. Kila mtoto anatamani uwanja wa mwenzake.

Shemeji alichukua kalenda ya duka iliyotundikwa sebuleni, akaizungushia duara siku moja ya Jumapili katika wiki ya pili ya likizo, akaandika Dunga. Mombasa hakuiandika. Aliwaita watoto akawaambia hivyo hivyo: Dunga siku hii, inshallah, Mombasa mwaka huu hapana, kwa sababu pesa hazijatosha. Binti wa kati alilia, kama ilivyotazamiwa. Kabla ya isha alikuwa ameanza kugombana na kakake nani atakaa mbele katika mashua.

Jambo hili silitaki liishie katika nyumba moja. Waislamu wa Kisumu si wageni wa jana. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, na wengi walifuatana nayo. Leo ziko familia za Kiswahili na za Kinubi Kaloleni, wako wa Kibos, wako wa Kendu Bay ng'ambo ya ghuba, na hawa wetu wachache wa Nyamasaria. Sioni kwa nini watoto wa jamaa hizi, na jirani zao wasio Waislamu pia, wangojee bomba la Nyali lililo mbali kilomita 800 ilhali Idi huwafuata mlangoni mara mbili kila mwaka. Ningependa jamaa wa misikiti wakae, kabla ya Rajabu, wakubaliane juu ya uwanja mmoja na pembea moja la mbao, la masanduku manne, kama lile la Makadara. Kiingilio kisiwepo, kila mzunguko sarafu moja, na yatima apande bure. Mafundi wa mbao wa kulijenga wamejaa Kibuye. Kinachotakiwa zaidi ni ekseli kuukuu ya lori la kulizungushia, na shemeji yangu amekwisha kuniambia anaijua moja ilikolala, isipokuwa mwenyewe anaiuzia bei ya mpya.